VIFO VYA GHAFLA VYA SAMAKI KATIKA MAHODHI: TUANZE NA CHUJIO

Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa wajumbe wa vyama vya msingi, iliyotolewa Gungu, Kigoma



Barua ya mwaliko iliniagiza niseme juu ya utunzaji wa hesabu za mali hai katika vyama vinavyohifadhi samaki wa mapambo, na hesabu hizo nitazifikia. Lakini naomba ruhusa yenu nianze ndani ya hodhi lenyewe, kwa sababu hasara kubwa kuliko zote za mali hai nilizowahi kuzikagua haikuanzia katika daftari la fedha. Ilianzia katika ndoo ya kusuuzia sifongo. Najua wapo watakaojiuliza mkaguzi wa ushirika amejifunza wapi habari za pumzi za samaki. Ni swali la haki. Nimejifunza kwa kulazimika, nikiongozwa na afisa uvuvi mmoja mwenye subira nyingi, na nilijifunza kwa kuwa sahihi yangu ilitakiwa chini ya karatasi ambayo ingemwangamiza mtu.

Habari yenyewe ni hii. Mwenyekiti wa chama kimoja, ambacho sitakitaja, alifika ofisini kwangu na muhtasari wa kikao cha kamati. Katika usiku mmoja samaki 137 walikuwa wamekufa katika mahodhi sita ya chama, siku moja kabla ya mnunuzi kuja kuwatazama. Kamati ilikuwa imekwisha kumpata mwenye kosa. Alikuwa mlinzi wa usiku, mzee mmoja ambaye wiki mbili nyuma aligombana na mtunza hazina juu ya malimbikizo ya mshahara wake. Ndani ya kibanda chake ilikutwa chupa ya dawa ya kuulia mbu. Mwenyekiti aliniambia kwa uchungu kabisa, "Ndugu Mkaguzi, kikulacho ki nguoni mwako." Azimio lilisema mlinzi aachishwe kazi, malimbikizo yake yazuiwe, alipe thamani ya samaki wote, na taarifa ipelekwe polisi. Walichotaka kwangu ni kuungwa mkono tu, ili jambo liende haraka.

Nikamwomba Mwenyekiti anipe siku mbili.

Kabla sijaendelea, naomba niwaeleze wajumbe wanaotoka katika vyama vya kahawa na vya akiba na mikopo samaki hawa ni wa namna gani. Si dagaa wala migebuka. Ni samaki wadogo wa miambani, wenye rangi, wanaokamatwa kwa kuzamia, kwa leseni, nao huuzwa wakiwa hai kwa watu wa mbali wanaowafuga katika mahodhi ya vioo. Ziwa letu lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, na karibu wote hawapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani. Yule ambaye wataalamu humwita Tropheus moorii aliandikwa na Boulenger wa Jumba la Makumbusho la London tangu mwaka 1898. Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki kutoka Bujumbura, alitoa kitabu kizima juu ya samaki wa ziwa hili mwaka 1978. Basi biashara hii si mpya. Lililo jipya ni kwamba sasa vijana wetu wanaifanya kwa jina la chama. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, mazungumzo ya kufuga na kuhifadhi samaki yalishika moto hata katika baraza ambazo zamani zilizungumza bei ya dagaa tu.

Lipo jambo moja linalofanya kifo cha samaki hawa kiwe hasara ya pekee. Tropheus jike hubeba mayai yake mdomoni, na mayai hayo ni machache, mara nyingi hayafiki 20. Rangi yake hubadilika toka mwamba hadi mwamba, hata watu wa Ulaya humwagiza kwa kutaja jina la ufuko. Kwa hiyo ukiwaua 137 hapa, hapana budi mzamiaji arudi katika mwamba ule ule kutafuta wengine 137, na mwamba hauna hazina isiyokwisha.

Sasa nirudi kwenye chama kile. Nilipofika sikuuliza nani anamchukia nani. Niliuliza daftari. Mkaguzi akiona fedha zimepungua Jumanne, hatazami Jumanne peke yake, bali hurudi nyuma mpaka kwenye ingizo la mwisho ambalo halina shaka. Kwa bahati njema chama kile, pamoja na makosa yake mengine, kilikuwa na daftari la zamu limefungwa kwa uzi ukutani. Nikasoma. Jumamosi: "Usafi mkuu. Machujio yote sita yameoshwa vizuri kwa maji ya bomba mpaka yametakata. Sifongo za zamani zimetupwa, mpya zimewekwa. Kokoto zimeoshwa." Jumapili: "Samaki wamelishwa mara tatu wapate kunawiri." Jumatatu asubuhi: "Wengine hawali." Jumatatu jioni: "Wanapumua juu ya maji." Jumanne alfajiri mlinzi alikwenda kumgongea Katibu mlango na kumwambia samaki wanaelea.

Afisa uvuvi aliposoma ukurasa ule alicheka, kisha akaona haya kwa kucheka. Akasema, "Hapa hakuna sumu iliyoletwa na mtu. Sumu ni ya samaki wenyewe, na waliokuwa wakiiondoa wameuawa Jumamosi."

Maneno hayo ndiyo kiini cha hotuba yangu, nami nitayafafanua kama nilivyofafanuliwa.

Samaki hutoa taka yake nyingi kwa njia ya mashavu, nayo huitwa amonia. Katika ziwa taka hiyo hupotea katika wingi wa maji. Katika hodhi la lita mia tatu haina pa kwenda. Sisi tunalitazama chujio tukadhani kazi yake ni kushika uchafu unaoonekana, kama kitambaa cha kuchujia tui. Hiyo ni kazi yake ndogo. Kazi yake kubwa ni kuwa makazi. Ndani ya matundu ya sifongo na juu ya kila kokoto hukaa bakteria wasioonekana kwa macho, wa makundi mawili. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huweza kuivumilia mpaka siku ya kubadilisha maji. Mrusi Winogradsky ndiye aliyewatenga bakteria wa kazi hii na kuwaeleza, mnamo mwaka 1890, akichunguza udongo. Yale yanayorutubisha shamba la mahindi kule Kasulu ndiyo yanayomweka hai samaki katika hodhi hapa Gungu.

Bakteria hawa wana tabia mbili ambazo mtunza mahodhi asiyezijua atalia. Kwanza, hawazaani haraka. Bakteria wengine wanaweza kuongezeka maradufu katika nusu saa, lakini hawa huhitaji kama siku nzima, na hodhi jipya hukaa wiki nne hadi sita kabla hawajatosha kazi. Pili, wao huvuta hewa sana. Kila gramu moja ya naitrojeni ya amonia wanayoigeuza huwagharimu zaidi ya gramu nne za oksijeni. Ukiwanyima hewa wanasimamisha kazi, na wakikaa hivyo wanakufa.

Basi tazameni lililotendeka siku ile ya Jumamosi. Maji ya bomba yana klorini, nayo ilitiwa humo makusudi ili iue bakteria, kwa faida yetu sisi tunaoyanywa. Haijui kuchagua bakteria wa kipindupindu na kumwacha bakteria wa chujio. Waliopona katika klorini walitupwa pamoja na sifongo kuukuu. Waliobaki juu ya kokoto nao wakaoshwa. Kisha Jumapili samaki wakalishwa mara tatu. Kwa lugha ya kwetu, chama kilifukuza wafanyakazi wote siku moja na kesho yake kikaongeza kazi mara tatu.

Wapo watakaosema: lakini jirani yetu huosha chujio lake hivyo hivyo na samaki wake hawafi. Ni kweli hutokea, na hapa ndipo maji ya ziwa letu yanapotuhukumu. Amonia ndani ya maji huwa katika hali mbili, moja kali na moja pole, na kinachoamua ni kipimo kile kiitwacho pH, yaani kadiri maji yanavyoelekea tabia ya magadi au tabia ya ndimu. Katika maji ya nyuzi 26 za joto, pH ikiwa 7, katika kila sehemu 100 za amonia haifiki hata sehemu moja iliyo katika hali kali. Ikiwa 8, sehemu hizo hukaribia 6. Ikifika 9 huzidi 35. Nasi maji ya juu ya Tanganyika pH yake iko karibu na 9. Ndiyo maana mtu wa Dar es Salaam anayefuga samaki wa maji baridi ya kawaida anaweza kukosea akasamehewa, na mtu wa Kigoma akakosea kosa lile lile akaokota mizoga. Usikubali mashauri ya ufugaji bila kuuliza ni ya maji gani.

Nimesema hivyo kwa sababu. Katibu wa chama kile alinionyesha mwongozo uliopigwa chapa, alioupata kwa mtu wa nje, nao ulihusu mahodhi ya maji ya bahari. Huko pwani ya Kenya, upande wa Mombasa na Kilifi, wapo wazamiaji wanaokamata samaki wa rangi wa baharini kwa biashara kama hii yetu, na mambo mengi ya bahari yanatufaa, maana bahari nayo ina tabia ya magadi, pH yake kama 8.1. Lakini kilo moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na ya ziwa letu haina hata gramu moja. Sasa mwongozo ule ulisema wazi kwamba sifongo ya hodhi la bahari isisuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa bakteria wa bahari wakitoswa humo hupasuka. Katibu akafikiri: sisi hatuna chumvi, basi kwetu maji ya bomba ni halali. Aliliona neno chumvi, hakuiona sababu. Sababu ni kwamba chujio lolote, la bahari au la ziwa, husuuzwa kwa maji yaliyotoka katika hodhi lake lenyewe. Mwongozo huo huo ulisema tena sifongo zibadilishwe kila mwezi. Hapo naomba niseme kama mtu wa hesabu: aliyeandika hivyo alikuwa pia anauza sifongo. Sifongo njema hutumika mpaka ianze kukatika.

Sasa nije kwenye jambo ambalo litawafaa siku ya msiba wenyewe, kabla hamjaanza kutafuta mchawi. Saa za kufa husema mengi. Samaki wakianza kurukaruka na kuhema katika saa chache baada ya kuongezwa maji ya bomba, shuku klorini. Wakianza kudhoofika siku moja mpaka tatu baada ya usafi mkubwa, kama ilivyokuwa kwa wenzetu, shuku amonia. Mashavu yao huwa mekundu kama yaliyoungua, mapezi yamebanwa, nao hukaa juu wakimeza hewa ingawa pampu inafanya kazi. Siku kadhaa baadaye mashavu yakionekana ya rangi ya kahawia, hiyo ni nitriti, ambayo huiharibu damu isiweze kuchukua oksijeni. Wakifa alfajiri, wakubwa wakitangulia na wadogo wakabaki, huenda walikosa hewa tu. Na iwapo wamekufa wote kwa mara moja, wakubwa kwa wadogo, pamoja na konokono, hapo ndipo mtu ana haki ya kufikiria dawa ya mbu au ndoo iliyofuliwa nguo.

Lipo jingine ambalo katika mji unaokatikiwa umeme halina budi kutajwa peke yake. Ni lile chujio la mkebe uliofungwa, ambalo pampu yake hupitisha maji ndani. Umeme ukizimika, maji yaliyomo humo husimama. Bakteria hula oksijeni yote iliyobaki, na muda ukiwa mrefu huanza kufa na kuoza, ikatokea gesi yenye harufu ya yai viza. Wavuvi wa hapa hawahitaji kuelezwa sana. Ziwa letu lina kina cha meta 1,470, lakini upande huu wa kaskazini, ukipita kama meta mia moja kwenda chini, hewa imekwisha, na huko chini kabisa gesi hiyo hiyo ndiyo iliyotawala, wala samaki hakai. Mkebe wa chujio uliozimika usiku kucha ni kilindi kidogo cha Tanganyika ndani ya nyumba yako. Umeme unaporudi saa kumi na moja alfajiri, pampu inakisukuma kilindi hicho chote juu ya samaki, nawe umelala. Kwa hiyo chujio la mkebe likizimika kwa zaidi ya saa mbili hivi, lichomolewe kwenye umeme. Asubuhi lifunguliwe, linuswe, maji yake yamwagwe nje, lisuuzwe kwa maji ya hodhi, ndipo liwashwe. Machujio ya sifongo yanayokaa wazi ndani ya hodhi yana hatari ndogo zaidi, na kwa vyama vyenye fedha chache nayapendelea. Pampu ndogo ya hewa ya betri nayo ni akiba nzuri kuliko viti vipya vya ofisi.

Ikiwa msiba umekwisha kuanza, fanyeni hivi. Chakula kisimame papo hapo. Samaki mzima hadhuriki kwa kukosa chakula siku kadhaa, lakini chakula kinachooza kitamuua. Hewa iongezwe kwa kila njia, hata kwa kuchota maji kwa kata na kuyamimina toka juu, kazi ambayo vijana wawili wakipokezana wanaweza kuifanya mpaka asubuhi. Kisha badilisheni theluthi moja ya maji kwa maji safi ya ziwa yenye joto linalolingana, na baada ya saa kadhaa tena theluthi. Yasichotwe karibu na mahali panapofuliwa au panapotiwa mafuta ya mashine. Ikiwa hamna ila maji ya bomba, yaondolewe klorini kwanza, ama kwa kuyaacha wazi siku nzima huku yakipigwa hewa, ama kwa ile chumvi ya haipo waliyoitumia wapiga picha zamani, ambayo kidogo tu hutosha. Kwa nitriti, chumvi ya kawaida gramu moja kwa lita husaidia, maana huizuia isiingie kupitia mashavuni. Na ikiwa mnalo hodhi jingine lenye afya, kamueni nusu ya sifongo yake katika hodhi lililougua. Maji yatachafuka rangi na wajumbe watanuna, lakini mtakuwa mmewaazima wafanyakazi.

Ipo hadhari moja katika kubadilisha maji. Hodhi lililokaa miezi bila kubadilishwa maji pH yake hushuka, kwa kuwa kazi ya bakteria wenyewe hula ule umagadi kidogo kidogo. Amonia iliyomo inaweza kuwa nyingi na bado ikawa katika hali pole. Ukimimina maji mengi mapya ya ziwa kwa ghafla, pH inapanda, na amonia yote inageuka kali mbele ya macho yako. Mtu huapa kwamba maji safi yameua samaki, na kwa maana hiyo hasemi uongo. Katika hodhi la namna hiyo maji yaingizwe kidogo kidogo, na kipimo kitangulie. Visanduku vya vipimo vya matone, vya amonia, nitriti na pH, vinapatikana kwa kuagiza. Chama kinachouza samaki hai bila kuwa na visanduku hivyo nakifananisha na chama cha kahawa kisicho na mizani.

Kuhusu usafi wa kawaida sitawachosha. Chujio moja kwa wakati mmoja, na ikiwa hodhi lina sifongo mbili, moja leo na ya pili baada ya wiki mbili au tatu. Ikamuliwe katika ndoo yenye maji ya hodhi hilo hilo mpaka maji yapite kwa urahisi, basi. Isitakate. Siku ya kugusa chujio kokoto zisiguswe, na chakula kipunguzwe siku mbili zinazofuata. Sifongo mpya ikae pamoja na ya zamani kwa mwezi mmoja kabla ya zamani kuondolewa. Ndoo za mahodhi zipakwe rangi ili asiwepo wa kuzifulia. Na kamwe pasifanyike usafi mkuu katika wiki ya mnunuzi. Hili la mwisho ni gumu, najua. Sisi tumelelewa kufagia ua mgeni anapokuja. Lakini hodhi lina rangi yake ya kahawia ya uzima, na mnunuzi anayeijua kazi yake hataidharau.

Sasa hesabu, kama nilivyoagizwa. Vyama vingi nilivyokagua vina daftari la samaki walioingia na walionunuliwa, lakini waliokufa huandikwa kwa jumla mwisho wa mwezi, "vifo 30", kana kwamba ni magunia yaliyotoboka. Daftari la mali hai liwe na ukurasa kwa kila hodhi, na kwa kila siku iandikwe idadi, waliokufa, walichokula, saa umeme ulipozimika na uliporudi, kilichoguswa katika chujio na jina la aliyekigusa. Jina haliandikwi ili mtu afungwe. Katika chama kile aliyeosha machujio alikuwa kijana mwenye bidii kuliko wote, na kama asingeandika kwa ukamilifu jinsi alivyofanya kazi yake nzuri, nisingekuwa na la kumwambia Mwenyekiti. Aliposikia maelezo ya afisa uvuvi alitoka nje akakaa chini ya mwembe muda mrefu. Nilimfuata nikamwambia kwamba hakuna aliyemfundisha, na kwamba daftari lake limemwokoa mtu. Sijui kama alinisadiki.

Aidha, kamati haina mamlaka ya kumhukumu mtu kulipa hasara kwa kuinua mikono. Kabla ya jina la mtu kuandikwa katika azimio, pawepo uchunguzi, mtu huyo asikilizwe, na kumbukumbu zitazamwe na asiye mshiriki wa ugomvi. Katika muhtasari ule niliuona ukurasa mzima juu ya tabia za mlinzi na sikuona hata mstari mmoja juu ya maji. Hakuna aliyemuuliza mzee yule aliona nini usiku ule. Nilipomuuliza mimi, alinieleza kwamba tangu saa nne usiku aliona samaki wamejipanga juu ya maji, midomo wazi, akawapulizia hewa kwa bomba la baiskeli mpaka mikono ikafa ganzi. Dawa ya mbu ilikuwa ya kibanda chake, kwa kuwa kibanda hakina chandarua. Hakumwamsha Katibu mapema kwa kuhofia ataambiwa anatafuta sababu ya kudai fedha zake.

Azimio lilifutwa katika kikao kilichofuata, kwa kura ambazo hazikuwa nyingi kama nilivyotarajia. Mlinzi alirudi kazini. Malimbikizo yake yamelipwa nusu, na nusu nyingine imeandikwa katika bajeti ya mwaka huu, nami nitakwenda kuitazama ikilipwa. Mtunza hazina na yeye bado hawasalimiani. Mnunuzi alirejea baada ya miezi minne, akachukua samaki wachache, maana walioletwa badala ya wale waliokufa hawakuwa wa mwamba ule ule.

Ndugu Mwenyekiti, nimeacha mezani nakala za ukurasa wa daftari la hodhi kama nilivyoupiga mistari mwenyewe. Makatibu wachukue moja moja, na ambao vyama vyao vina machujio ya mkebe wabaki nami baada ya chai, kwani afisa uvuvi amekuja na mkebe mmoja ambao umezimwa tangu jana jioni, naye anataka muunuse.